Bastola Ndani ya Buibui

Mizani ya dukani kwetu imezoea mikufu na bangili. Usiku mmoja, baada ya kufunga mlango na kuteremsha shata, nilitoa magazini ya bastola yangu, kile kikasha cha risasi, nikavuta mara mbili slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma, nikachungulia chemba, risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, nikatia kidole kuhakikisha hamna kitu, kisha nikaiweka bastola juu ya sahani ile. Haikufika gramu 280. Kwa hesabu ya sisi masonara haikufika tola ishirini na nne. Nimewahi kupima seti za maharusi wa zamani zilizokaribia uzito huo.

Nilitaka kuelewa. Siku mbili kabla yake nilikuwa kwenye uwanja wa shabaha. Karatasi ilikuwa umbali wa mita saba, na katika risasi ishirini nilizofyatua ni nne tu zilizoipata. Nyingine zilikwenda zinakokujua zenyewe. Kitu chepesi hivi, kinachoenea kwenye kiganja, nilichokinunua kwa sababu ni kidogo na rahisi kubeba, kilikuwa kimenishinda, na nyama ya baina ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa bado inaniuma.

Mume wangu alipofariki niliachiwa duka la dhahabu Mji wa Kale, Mombasa, na binti mmoja. Nyumbani kwetu ni Tudor. Kila jioni kuna kitu cha kuhamishwa: fedha ya siku, kazi ya mteja ambayo sithubutu kuilaza dukani. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeniambia, "Shemeji, mimi sitaweza kukusindikiza kila siku. Omba leseni." Mama mkwe alilia siku aliposikia, na mimi nilimwelewa. Nilikaa miezi mitatu nikiwaza kabla ya kwenda kuchukua fomu.

Kuhusu leseni sitasema mengi, kwa kuwa anayeihitaji ataelekezwa kituo cha polisi na huko ataambiwa. Ila ajue kwamba Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haimpi mtu bastola kama haki. Anapewa cheti, na cheti hicho huhuishwa kila mwaka. Desemba 2018 serikali iliwataka wote wenye leseni wapigwe msasa upya katika siku 90, na mimi niliomba baada ya hapo, wakati maswali yalipokuwa mengi. Nilitakiwa cheti cha tabia njema, alama za vidole, upimaji wa afya ya akili, watu wa kunidhamini, na maelezo ya kwa nini mimi, mwanamke mwenye duka, nahitaji silaha. Walikuja kutazama sefu yangu ilivyofungwa ukutani. Sikuona vibaya. Laiti ningeona vibaya, labda sikustahili kupewa.

Kosa langu lilikuja baada ya kukubaliwa.

Muuzaji niliyemwendea alinitazama: buibui, mikono midogo, sauti ya chini. Hakuniuliza nafanya kazi gani wala nimewahi kushika silaha. Akafungua kabati akatoa bastola ndogo kabisa, ya risasi ya .380, sita kwenye magazini. "Hii ndiyo ya akina mama," akaniambia. Nikaifumbata mkononi ikapotea. Bei yake ilikuwa chini kuliko zote mle ndani. Akanionyesha na mkoba wa begani wenye mfuko wa siri wa kuitilia, na nikakaribia kuununua pia, ila fedha haikutosha. Namshukuru Mungu kwamba haikutosha, na nitaeleza kwa nini.

Aliyenifundisha alikuwa askari polisi mstaafu, mtu wa bara aliyehamia pwani, mpole kuliko nilivyotarajia. Nilimwita Afande tangu siku ya kwanza na sijaacha. Alipoiona karatasi yangu yenye matundu manne hakucheka. Alichukua bastola ile akafyatua yeye, na hata yeye alikunja uso. Kisha akanieleza jambo ambalo ningelijua mapema ningeokoa fedha na miezi. Teke la risasi halipotei, alisema. Risasi ina nguvu yake, na nguvu hiyo lazima iende mahali. Bastola nzito huimeza sehemu kubwa. Bastola nyepesi humwachia mshikaji. Mpini mfupi nao hauna pa kuweka kidole kidogo, kwa hiyo unashika kwa vidole viwili wakati chombo kinaruka. Tena mtutu ni mfupi, na kilengeo cha mbele kwenye ile yangu kilikuwa kinundu tu cha chuma, ambacho mimi ninayevaa miwani ya kusomea nilikuwa sikioni vizuri.

"Mama," akasema, "hizi ndogo ni za watu waliofyatua risasi elfu kadhaa. Wewe umepewa kisu cha daktari ukatie vitunguu."

Nilikasirika. Nilikaa ndani ya gari nikamkasirikia muuzaji, nikajikasirikia na mimi, kwa sababu dhahabu siuzi hivyo. Mteja akija dukani kwangu kutafuta pete, namvalisha nne, tano, namwambia akunje ngumi, anawe mikono, ajaribu kushika funguo. Pete naipima hivyo, na bastola nikainunua kwa macho!

Na kubadilisha bastola si kama kubadilisha simu. Cheti kimeandikwa silaha ipi, nambari yake ipi, na risasi kiasi gani unaruhusiwa kuwa nazo. Ukitaka nyingine, ile ya kwanza irudi kwa muuzaji mwenye leseni, upate idhini upya, usubiri. Kusubiri kule ndiko kulikonifaa. Afande alinipeleka kwa watu anaowafahamu uwanjani, wenye silaha zao halali, na chini ya macho yake kila mmoja akaniruhusu nijaribu.

Ya kwanza ilikuwa rivolva ya Smith & Wesson, ya risasi tano, ile fupi ya bodi nyepesi. Niliipenda kwa macho. Haina slaidi ya kuvuta, haina magazini, unatia risasi na basi. Lakini kifyatulio chake chataka nguvu ya kama kilo tano, na chombo chenyewe hakifiki nusu kilo. Fikiria unavuta kitu kwa nguvu mara kumi ya uzito wake huku ukitaka kisitikisike. Mwenye nayo, mzee mmoja wa Kihindi aliyezoea rivolva tangu ujana wake, aliipiga vizuri sana. Kwangu mimi ilipofika risasi ya tatu kidole kilikuwa kimechoka.

Ya pili ilikuwa Walther PPK, bastola ya Kijerumani iliyotoka mwaka 1931. Nzuri, imara, ya chuma kitupu. Mimi sonara niliitazama ilivyosuguliwa nikasifu mkono wa fundi. Ila kuvuta slaidi yake nilishindwa kabisa mara mbili. Nikashangaa: risasi yake si kubwa, mbona springi ngumu hivi? Afande akanifafanulia. Katika bastola za muundo ule mtutu haujifungi na slaidi. Kinachoizuia slaidi isirudi mapema mno ni uzito wake na ugumu wa springi tu. Bastola nyingi za risasi ya kawaida ya milimita tisa, ninayoiita tisa ndefu, zina mtutu unaoshikamana na slaidi kwa kitambo kifupi mpaka shindo lipungue, kwa hiyo springi yake haihitaji kuwa ngumu vile. Kwa maneno mengine, bastola yenye risasi kubwa zaidi inaweza kuwa rahisi zaidi kwa mkono wangu. Hilo halimo kichwani mwa mtu anayechagua kwa kutazama.

Hapo ndipo nilipojifunza tofauti ya risasi hizo mbili, kwa sababu jina ni moja na watu huchanganya. Ile ya .380 huitwa pia tisa fupi, na ganda lake lina urefu wa milimita 17. Tisa ya kawaida ganda lake ni milimita 19, imekuwako tangu 1902, na ndiyo inayotumiwa na polisi na majeshi ya nchi nyingi duniani. Kwa kuwa inatengenezwa kwa wingi, ndiyo rahisi kuipata na bei yake ni nafuu zaidi. Tisa fupi nilikuwa naitafuta kama dawa adimu. Mwaka mzima wa kwanza nilifyatua risasi zisizozidi mia moja, na sababu si uvivu. Mtu akikuambia bastola fulani ni rahisi, muulize risasi zake ni bei gani na zinapatikana wapi, kwa maana bastola utainunua mara moja na risasi utazinunua maisha.

Nikajaribu Glock 43, nyembamba, risasi sita, kama nusu kilo. Hii ningeweza kuishi nayo. Nikajaribu Glock 26, fupi na nene, risasi kumi. Ilinikaa vizuri kuliko nilivyodhani. Bei zake zilikuwa juu ya uwezo wangu, au tuseme ningeweza kuinunua moja kisha nisibakiwe na kitu cha mazoezi.

Niliyoichukua mwisho ni Taurus G2C, inayotengenezwa Brazil. Tisa ndefu, risasi kumi na mbili. Niliiweka kwenye mizani ileile ya dukani: gramu 620 na kitu, kama tola hamsini na tatu. Zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza! Slaidi yake naivuta. Afande alinionyesha kwamba mkono wa kushoto usivute peke yake: bastola iwe karibu na kifua, mtutu ukielekea kusiko na mtu, mkono wa kulia usukume mbele na wa kushoto urudishe nyuma kwa pamoja, kama mtu anayekamua nguo. Siku ya kwanza nayo, kwenye mita zilezile saba, risasi kumi na saba katika ishirini ziliingia kwenye karatasi. Nililia kidogo, na Afande akajifanya anaokota maganda.

Tofauti ya bei baina yake na Glock ilinitosha kununua ala nzuri, mshipi, na risasi za kufanyia mazoezi kila mwezi. Hivyo ndivyo ninavyomshauri yeyote anayeniuliza siku hizi: ukiwa na fungu lako, usilimalize lote kwenye chuma. Theluthi iache pembeni.

Ya kubeba ni somo jingine, na hapa sikupata mtu wa kunifundisha, kwa sababu wote niliowauliza ni wanaume wenye mikanda. Wao hutia ala ndani ya suruali, wakashusha shati la nje, basi. Mimi chini ya buibui sina mkanda. Nilianza na kiala cha kitambaa nilichokipata kwa bei ya bure, laini kama soksi, nikakifunga kwa mshipi kiunoni. Siku moja nyumbani nikagundua kwamba kitambaa kile kilikuwa kinabonyea mpaka kwenye kifyatulio. Nilikitupa siku hiyohiyo. Ala lazima iwe ngumu, ifunike kifyatulio chote, na isikunjike unapoirudishia bastola. Kwa hilo usihurumie fedha.

Sasa navaa mshipi mpana wa kubana, wenye ala ngumu iliyoshonewa juu yake. Nilijaribu kuuweka mbele, chini ya kitovu, kama baadhi ya wanaume. Nikisimama ni sawa. Nikisujudu, mpini unanichoma mbavu na mtutu unanibonyeza paja. Nikauhamishia upande wa kulia, nyuma kidogo ya nyonga, na hapo naweza kusali, kuketi kwenye tuktuk, na kuinama kutafuta kitu kwenye droo bila kitu kuchomoza. Halafu nikaenda kwa fundi cherehani wangu pale Kibokoni, ambaye hushona kanzu na mabuibui, nikamwomba anipasulie upande wa kulia upenyo kama ule wa mfuko wa kanzu, usio na mfuko wake. Hakuniuliza wa nini. Mkono unaingia moja kwa moja mpaka kwenye mpini. Nilifanya mazoezi ya kuitoa chumbani, bastola tupu, risasi zikiwa zimefungiwa chumba kingine, kila usiku dakika kumi, hadi nikaacha kunasa kwenye kitambaa.

Kuna mahali siendi nayo kamwe. Arusini siendi nayo, wanawake wanakumbatiana na watoto wanarukia mapajani. Msibani siendi nayo. Siku ambazo nimekasirika pia naiacha ndani ya sefu, na hili nalisema kwa sababu katika mambo yote hilo ndilo ninalolishika kwa nguvu zaidi. Benki yangu hawaruhusu kuingia nayo, kwa hiyo siku ya benki naipanga mapema niiache nyumbani.

Na chumvi! Hakuna aliyenionya juu ya chumvi. Anayeishi bara anaweza kuisahau silaha yake kwenye sefu miezi miwili. Kwetu sisi, nenda Ngomeni, pale Fort Jesus, uitazame ile mizinga ya zamani, uone hewa ya bahari inavyokula chuma. Ile bastola yangu ndogo ilianza vidoadoa vya kutu kwenye slaidi kabla ya mwezi kwisha, nami nikidhani naitunza. Haikuwa bahari peke yake. Jasho la mwili ni baya zaidi, na wakati wa joto la kaskazi, Januari na Februari, mshipi wa kiunoni huloa. Kwa hiyo hii ya sasa niliichukua yenye slaidi ya chuma kisichoshika kutu upesi, na nasema upesi kwa makusudi, kwa sababu hicho nacho hushika. Kila jioni naitoa ndani ya ala, naipangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, naiweka ndani ya sefu nje ya ala. Ala ya ngozi hunyonya unyevu ikauhifadhi, ukiilaza bastola ndani yake umeilaza kwenye kitambaa kibichi. Ndani ya sefu nimetia vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu tunavyoweka kwenye makabati ya fedha ili isisawijike. Risasi sizipaki mafuta kabisa, yanaweza kupenya yakaharibu fataki ya ndani. Zile zilizokaa kiunoni miezi kadhaa nazimalizia uwanjani, natia mpya.

Sasa nirudi kwenye ule mkoba.

Ilikuwa baada ya Magharibi, nimo kwenye tuktuk Barabara ya Digo, foleni imesimama. Mkoba wangu ulikuwa mapajani. Bodaboda ilipita ubavuni ikiwa na vijana wawili, wa nyuma akanyoosha mkono, nikasikia kamba ya mkoba ikinichuna bega, wakaenda. Muda wote huo haufiki pumzi mbili. Mkono wangu wa kulia ulikuwa tayari ndani ya upenyo wa buibui, umegusa mpini. Sikumbuki kuupeleka.

Mbele yao, ukingoni mwa barabara, alikuwa mama anauza viazi karai, na watu wamemzunguka wanakula. Nyuma yake duka lililo wazi. Vijana wale walikuwa wananipa mgongo. Hawakuwa na silaha niliyoiona. Maisha yangu hayakuwa hatarini tena, kilichoondoka ni simu, miwani, na shilingi elfu sita. Sheria ya nchi yetu inaniruhusu nijikinge kwa nguvu inayolingana na hatari. Hainiruhusu kumuua mtu kwa sababu ya mkoba, na dini yangu vilevile. Nikatoa mkono. Dereva wa tuktuk akageuka, "Pole, mamangu, wamekuumiza?" Nikamwambia hawakuniumiza.

Usiku ule sikulala, na simu haikuwa sababu. Nilikuwa nawaza ule mkoba wenye mfuko wa siri. Laiti ningekuwa na shilingi elfu chache zaidi siku ile kwa muuzaji, vijana wale wangeondoka na bastola yenye nambari iliyoandikwa jina langu, imejaa risasi, na sijui ingelala mikononi mwa nani usiku ule. Nakumbuka binti yangu alikuja kuniletea maji akanikuta nimekaa kitandani nimeshika bega. Akaniuliza kama naogopa. Nikamwambia ndiyo.

Kesho yake niliripoti kituoni, nikapata nambari ya kitabu cha taarifa, nikanunua miwani mipya. Afande alipopata habari alinipigia, akaniuliza swali moja: nilitazama nini nyuma yao? Nikamwambia mama wa viazi. Akanyamaza, kisha akasema tukutane Jumamosi tufanye mazoezi ya kutoa na kurudisha, hasa kurudisha.

Tumekwenda Jumamosi nyingi tangu hapo. Mwezi huu nahuisha cheti tena, na fundi wa Kibokoni anayo mabuibui yangu mawili mapya, jeusi lile zito la wakati wa kusi na jepesi la joto. Nimemwambia upenyo wa safari hii aushushe kidogo, nusu shubiri hivi, na upindo aushone mara mbili, maana ule wa kwanza umeanza kufumuka nyuzi.